Mnara Uliokula Wana-kondoo

Tarehe mosi Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brigid

...ndiyo maana nikamwambia kaka yako, Coilín, shuka huko mlimani uje unywe chai, mnara hautakimbia. Hakushuka. Amesimama kule juu chini ya ule mnara wa simu na kakopo kake ka mionzi anapima, Baibín, anapima hewa! Nikamuuliza, hewa unaipima kwa kibaba? Sorcha mkewe akacheka mpaka akashika tumbo. Limeshaanza kuonekana hilo tumbo. Mtoto wa Juni, Mungu akipenda, mjukuu wangu wa kwanza, maana wewe huko Australia umeolewa na kazi.

Umeniambia niwe naongea na hii simu siku yoyote inayonijia, nitaje tarehe, nawe utanisikiliza ukienda kazini. Sawa. Mie shule niliiacha kabla kalamu haijanizoea, lakini mdomo sijauacha popote. Wacha niseme.

Tarehe 10

Mvua.

Tarehe 14

Mvua. Sorcha kanikata kucha za miguu. Msichana wa mjini yule, lakini ana mikono ya utu.

Tarehe 26

Festy Mannion amekuja tena, jirani wa ng'ambo ya mto. Alianza kwa kuomba maziwa, akaishia kukaa mpaka moto ukazima. Anatoa simu mfukoni kama padri anavyotoa hostia, anamwonyesha Coilín video. Jamaa fulani Ujerumani, ng'ombe wake vipofu. Mwingine sijui wapi, nyuki wake wamehama. Wote karibu na mnara.

"Mama Coilín, njoo uone na wewe," ananiambia.

"Mie nishaona mengi, Festy. Nilimwona babako akimfukuza sungura akidhani ni mchawi anayemnyonya ng'ombe wake maziwa."

"Hayo ya zamani yalikuwa ujinga. Haya yamechunguzwa."

"Na nani?"

"Na watu. Watu wa kawaida kama sisi, si wale wanaolipwa."

Hapo Coilín akaitikia kwa kichwa. Na mie, Baibín, kusema kweli, hapo simlaumu. Ule mnara ulikuja kiangazi kilichopita, baada ya kumzika babako. Walikuja na magari, wakachimba, wakasimika, wakaweka taa nyekundu juu, wakaenda zao. Hakuna aliyepiga hodi hata mlango mmoja wa bonde hili. Kama walivyofunga posta. Kama walivyofunga shule, wakasema inafungwa kwa faida yetu. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeumwa sana. Kwa hiyo simcheki Festy. Namchoka tu.

Tarehe 4 Machi

Imeanza. Kondoo wametupa mimba. Coilín kawakuta asubuhi bandani, wana-kondoo wamekamilika, manyoya yote, kwato zote, wamekufa. Si walegevu, si wabovu. Kama waliolala. Mwaka jana ilikuwa huku mmoja, kule mmoja, tukasema ni bahati mbaya tu. Mwaka huu hapana.

Kaingia jikoni na damu mpaka kwenye viwiko, kasimama dirishani. Dirisha lile linatazama mlima. Mnara ule pale, na kataa kake kanawaka na kuzima.

"Umeona, Mama?" akasema.

Kila Machi babako alikuwa akiingia na damu vilevile, ila nyuma yake kulikuwa na vilio vya wana-kondoo. Leo nyuma ya Coilín kimya.

Nimemkumbuka bibi yako. Mwaka siagi ilipokataa kuganda nyumbani kwetu, alikwenda kufukua nyasi kavu ghalani mpaka akakuta mayai yamefichwa. Mayai! Basi ikawa jirani katuchukulia bahati yetu, kayaficha kwa hila, siagi imehamia kwake. Bibi yako hakumsemesha yule mwanamke mpaka wanakufa, na walikuwa wakikaa benchi moja kanisani. Mie nilikuwa mdogo, nikamuuliza, si kuku wanataga popote? Nikala kofi. Kofi lile sikulielewa. Sasa naanza. Kuku hana uso wa kugombana naye. Jirani anao.

Tarehe 6

Wengine tena. Baridi ya kupasua mawe.

Tarehe 8

Daktari wa mifugo kaja, Bi Tansey, yule mrefu mwenye sauti ya kiume. Aliitwa na Sorcha, si Coilín. Siku ile ya kwanza alichukua mmoja wa wale waliokufa akampeleka kupimwa, leo kaja na jibu. Mie nilikuwa kwenye geti na fimbo yangu, nikasikia karibu yote.

"Bwana Coilín, ni mdudu. Ni ugonjwa wa kutupa mimba, unaambukiza. Kondoo anaingia nao kundini, mwaka wa kwanza anatupa yeye, kondo lake la nyuma linabaki majanini, wengine wanaramba, mwaka wa pili wanatupa wote. Niambie, kondoo wageni ulinunua lini?"

Kaka yako akaugeukia mlima. Kisha akasema, "Na mnara ulijengwa lini?"

"Sikuulizi mnara."

"Mie ndiye ninayeuliza."

Baibín, mie najua alinunua lini. Wewe pia unajua. Vuli ile ya mwaka juzi, babako alipokuwa kitandani, kundi likawa kwa mara ya kwanza mikononi mwa Coilín, akaenda mnadani akarudi na wale wenye nyuso nyeusi. Babako akainua kichwa kwenye mto akasema, kondoo wa mlima huu huzaliwa mlima huu, mgeni hajui njia. Coilín akasema, Baba, pumzika. Babako akapumzika moja kwa moja.

Sasa we fikiri. Mdudu ukimkubali, unakubali na mengine. Unakubali kwamba mzee alikuwa sahihi, na kwamba aliyefungulia kifo geti ni wewe, kwa mkono wako, ukijiona mwanamume. Ukiukubali mnara, hujafanya lolote. Umefanyiwa. Mie ningechagua lipi? Sijui. Nimezeeka, sina haraka ya kujua.

Kisha Bi Tansey akamgeukia Sorcha. "Na wewe dada, ndani ya banda hili usikanyage tena. Mdudu huyu hachagui mimba ya kondoo na ya mtu. Na wala usi..." Coilín akawasha pikipiki yake ya matairi manne. Nikaona midomo ya daktari inakwenda, sikusikia kitu. Sorcha naye hakusikia, maana alikuwa akimtazama mumewe, hakumtazama daktari.

Tarehe 9

Nimemkuta Sorcha bandani anamsaidia Coilín kumvuta mwana-kondoo. Nikamngoja atoke.

"Mwanangu, hukumsikia yule daktari?"

"Nilimsikia, Mama."

"Basi?"

Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kijiji kizima wanamcheka, Mama. Dukani wanamwita Mzee Antena. Na mimi nikitoka bandani, si nitakuwa nimewaunga mkono? Atabaki na nani?"

"Kwani wewe unaamini mnara?"

"Mimi namwamini Coilín."

Nimerudi jikoni nikakaa. Huyu haamini kwa akili wala kwa macho, huyu anaamini kwa ndoa. Sasa utamtoa vipi mtu kwenye hilo? Na mtoto yumo ndani anasukumwa tu na upendo wa wazazi wake kama toroli.

Tarehe 11

Mvua. Magoti.

Tarehe 13

Leo nimefanya jambo. Nisikilize, halafu useme.

Kubishana nimechoka. Nimebishana na Coilín kuhusu mnara tangu kiangazi, na kila neno ninalosema analijibu na matatu aliyopewa na Festy. Ukimwambia daktari kasema, daktari kalipwa. Ukimwambia kipimo kimeonyesha, kipimo ni chao. Kila mlango unaojenga, keshautilia kufuli kabla hujamaliza. Basi leo mezani, viazi vikiwa bado vya moto, sikutaja daktari wala mdudu. Nikasema:

"Coilín, wale waliokufa umewazika wapi?"

"Nyuma ya banda."

"Wote?"

"Wote, Mama. Kwani?"

"Basi hilo si banda tena. Ni makaburi." Nikaweka kijiko chini. "Na mjamzito wa nyumba hii hajapata kukanyaga makaburini. Akijikwaa humo, mtoto anatoka na mguu uliopinda. Cam reilige, ndivyo wazee walivyouita. Muulize yeyote mwenye mvi."

Sorcha akaangua kicheko. "Mama! Mguu wa makaburini! Mambo gani hayo?"

Lakini Coilín hakucheka. Nilimwona uso unavyobadilika. Yule mtu wa video na vipimo, yule anayejua Ujerumani kuna ng'ombe vipofu, akawa kitoto kilekile nilichokuwa nikikivuta mkono tusipite mti wa miiba wenye mizimu baada ya jua kuzama. Akamshika Sorcha mkono juu ya meza.

"Kuanzia kesho usije bandani."

"Coilín, wewe nawe?"

"Usije, nimesema. Kama Mama anasema."

Unaona? Kumtii daktari kungekuwa kushindwa. Kumtii mama si kushindwa, ni adabu. Mie wala siamini mguu wa makaburini, Baibín. Nilipokuwa na mimba yako nilimzika shangazi yangu, nikajikwaa kweli, na una miguu kama ya farasi. Nimetoa mwiba kwa mwiba. Nilikunywa chai yangu nikajiona mjanja.

Tarehe 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrick

Misa. Festy kavaa tai ya kijani, kaniamkia, akaniambia kuna mkutano wa kuiandikia wizara kuhusu mnara, nije. Nikamwambia wizara haijawahi kujibu hata sala. Sorcha hajakanyaga bandani. Sijapumua vizuri hivi tangu Krismasi.

Tarehe 25

Wana-kondoo wazima wachache wameonekana, wale wa kondoo wetu wakongwe. Jua limetoka kidogo. Sorcha kaanika nguo nje, maovaroli ya Coilín yamejaa upepo, kama wanaume wasio na vichwa. Anaimba vibaya, maskini, lakini anaimba. Kanipigia kelele kutoka kwenye kamba: "Mama, haya matope ya bandani hayatoki hata kwa kusali! Nayafikicha mpaka vidole vinauma!" Nikamjibu aloweke kwanza.

Aloweke kwanza. Hayo ndiyo maneno yangu.

Tarehe mosi Aprili

Ni siku za Ng'ombe wa Madoa hizi. Unakumbuka? Ng'ombe mzee alijigamba kwamba Machi imeshindwa kumuua, Machi ikakasirika, ikaazima siku kwa Aprili, ikazijaza mvua ya mawe, ikamuua. Hata mwezi tumeupa kinyongo, ona. Ng'ombe kafa kwa baridi, hatukuridhika mpaka tukapata aliyekusudia.

Sorcha ana homa. Anasema kichwa. Coilín anasema mafua.

Tarehe 3

Niko hospitali, kwenye korido. Muuguzi kaniambia naweza kuongea na simu mradi nisipige kelele, kumbe hanijui. Nitakuambia kama ilivyokwenda, maana Coilín hatakuambia.

Jana asubuhi Sorcha hakuamka. Nilimkuta anatetemeka, meno yanagongana, ngozi inachoma, ananiita jina la mamake. Coilín amesimama mlangoni na mabuti yake. Unajua alisema nini? "Ni mnara. Sasa umeingia ndani ya nyumba." Nikamwambia, mnara baadaye, lete gari. Kwa hilo hakubisha.

Njiani mvua ya mawe inapiga kioo, Sorcha kalala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu. Nilikuwa nimeshika shati la Coilín lililodondoka kutoka kwenye mkoba wa nguo, lile analovaa bandani, limefuliwa, linanukia sabuni. Nikalitazama lile shati. Ndipo nilipoyasikia maneno ya Bi Tansey yaliyoliwa na pikipiki. Na wala usi... Na wala usifue nguo zake. Nini kingine angekuwa akisema? Mikono ya yule mtoto wa watu, wiki mbili nzima, anafikicha damu ya kondo la nyuma kwa vidole vyake, na mie namwambia aloweke kwanza.

Kwa sababu mwiko wangu ulijua banda, haukujua nguo. Makaburi hayatembei na ovaroli. Mdudu anatembea. Uongo wangu ulikuwa mzuri, Baibín, ulikuwa na mantiki, ulimtoa bandani. Lakini uongo unakufikisha pale tu ulipoukata mwenyewe, hapo mbele hauna macho. Daktari alikuwa na maneno yaliyofika mpaka kwenye beseni. Mie sikwenda kuyaulizia yaliyobaki, maana nilishajiona mjanja.

Tumefika. Daktari kijana, hana hata ndevu, anauliza maswali haraka. Miezi mingapi? Homa tangu lini? Amekula nini? Ametoka nje ya nchi? Kisha akauliza, "Kuna wanyama wowote? Amegusa mnyama mgonjwa?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Si kwa woga. Nilimtazama Coilín.

Alikuwa ameshika kofia yake anaizungusha. Simu yake ilikuwa inalia mfukoni, Festy huyo, nina hakika. Daktari kalamu juu. Sorcha anahema kama kondoo. Nikawaza, huyu asiposema sasa nitasema mie, lakini nikisema mie mtoto wangu nimempoteza, maana ataishi akisema Mama ndiye aliyewaambia, na Mama kadanganywa. Nikahesabu pumzi za Sorcha. Nikaona siwezi tena kungoja. Nikavuta hewa ya kusema.

"Kondoo," Coilín akasema. Sauti kama ya mtu aliyebanwa mlangoni. "Kondoo wangu wanatupa mimba. Alikuwa bandani mwanzoni. Daktari wa mifugo alisema jina la huo ugonjwa, sikumsikiliza." Kisha akasema, na hakuna aliyemuuliza, "Niliwaleta mimi. Kutoka mnadani."

Daktari aliacha kuandika. Akatoka mbio.

"Na nguo," mie nikasema nyuma yake. "Mwambieni na nguo." Coilín akanigeukia. Nikamwambia yote, pale pale kwenye viti vya plastiki, ya mguu wa makaburini na kwamba siuamini. Sijui alinisikia kiasi gani. Alisema tu, "Hata wewe, Mama." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeweka mzigo chini akakuta mwingine.

Tarehe 4

Dawa zinaingia. Tunangoja. Chai ya hapa ni maji ya kuoshea vikombe.

Tarehe 6

Kazaliwa. Wamemtoa kwa upasuaji, imebidi, moyo wake ulianza kusuasua. Msichana. Mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, Baibín, yumo kwenye sanduku la kioo na mipira puani. Hatujui. Wanasema siku hizi wadogo hivi wanaishi wengi, wanasema hivyo kwa sauti ya upole ambayo siipendi. Sorcha kafumbua macho, kauliza miguu yake. Nikamwambia yote miwili imenyooka. Akatabasamu, akalala.

Tarehe 9

Homa ya Sorcha imeshuka. Mtoto kameza maziwa, tone. Coilín analala kwenye kiti.

Tarehe 12

Nimerudi nyumbani, maana kuku hawajui mambo ya hospitali. Mtoto bado yumo kwenye kioo lakini mpira mmoja umetolewa, anapumua mwenyewe mchana. Wamemwita Brídín. Coilín anakuja na kurudi.

Usidhani kageuka malaika. Jana garini ananieleza kwamba mnara ndio ulioudhoofisha mwili wa kondoo, ndipo mdudu akapata njia. Nilitazama dirishani. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikaribia kumwambia ndiyo, mwanangu. Wewe utasema, Mama, mbona hukumpinga? Baibín, mtu akijengewa nyumba mpya huwezi kumwambia ahame ile ya zamani siku moja. Kwanza ahamishe sufuria. Na mnara nao, mie bado nasema wangepiga hodi.

Lakini ngoja nikuambie ya asubuhi ya leo. Festy kaja na karatasi zake za mkutano, kaegemea geti, anasema, "Pole sana, ndugu yangu. Tuliwaonya. Sasa wamegusa mpaka mtoto, hii wizara haiwezi kukataa." Mkwe wa Festy ana mimba, si unajua, yule Mpolandi, na Festy mwenyewe alikuwa akimwangalizia Coilín kondoo bandani kila siku tulipokuwa hospitali.

Coilín akamwacha amalize. Kisha akasema, "Ya mnara tutazungumza, Festy. Vua mabuti."

"Nini?"

"Vua mabuti yako. Na ovaroli. Nguo zako utafua mwenyewe, kwa mkono wako, maji ya moto, na yule msichana asiziguse hata kwa fimbo. Na zizini kwako asikanyage."

"Na wewe umenunuliwa?" Festy anacheka, anadhani utani.

"Mwanangu yumo kwenye kioo," Coilín akasema. "Vua."

Na Festy Mannion, kwenye matope, kwenye baridi ya Aprili, akavua. Soksi yake moja ina tundu. Kaenda zake kwenye gari amejifunga gunia kiunoni, karatasi zake kwapani, na sina hakika anaamini nini usiku huu, lakini yale mabuti yako hapa getini kwetu, nayaona kutoka...

Hilo ni lori. Limekuja kuwachukua wale wenye nyuso nyeusi. Hakuniambia ni leo. Alipiga simu mwenyewe basi, wala sikujua.

"Mama! Mama, uko wapi? Njoo ushike geti, peke yangu siwezi!"

Nakuja! Nakuja, usinipigie kelele kama kiziwi, nina miguu miwili tu. Baibín, ngoja, sijui hii inazimwa wapi...